Mkeka wa Dobi

Kwetu Tanga kijana akibashiri mechi
husema katandika mkeka,
na timu moja ikimwangusha, mkeka umechanika.
Hapa Ibra, chuoni, pesa hatuweki, haramu.
Bi Zuweina wa uhasibu kaleta sinia la haluwa,
kalifunika, kaliweka juu ya friji,
na mlangoni mwa friji kabandika mchoro:
vyuo vinane, vinne, viwili,
halafu kamstari kamoja katupu
kanakongoja jina.

Yeye ana daftari.
Anajua Sohar wana binti mlingoti, futi sita kasoro kidole,
anajua Sur mwaka jana walifunga pointi ngapi,
na kocha yupi kaacha kazi kaenda Doha.
Nesi Ghaniya huchagua kwa rangi:
zambarau, asema, haijamtupa tangu harusini kwake.
Mlinzi wa lango kachagua Nizwa, maana kaolewa Nizwa
na hataki maneno nyumbani.

Mimi nina mashine tatu na jua.

Usiku wa kwanza mifuko minane ikashushwa kwangu,
nikaisoma.
Sohar: jezi zimekunjwa, suruali safi magotini, zanukia udi.
Hawa hawajaanguka. Asiyeanguka
hajaufukuzia mpira uliokwisha potea.
Sur: tano zimelowa chapachapa, saba kama zimetoka dukani.
Hao watano siku ya tatu watahema kama mbuzi wa mnadani.
Salalah wameleta soksi kumi na tisa.
Timu isiyojua soksi yake iko wapi
itajuaje mtu wake kasimama wapi?
Na Buraimi.
Buraimi chumvi imechora ramani migongoni,
migongo yote, hata ya namba kumi na nne,
ambaye, niliuliza,
hakuingia uwanjani hata dakika moja.
Mtu anatokwaje na jasho benchini?

Nikachukua penseli, nikaandika Buraimi
juu ya kale kamstari.
Bi Zuweina akacheka, wala si kwa ubaya,
cheko la mwenye daftari:
"Kibibi, hao mwaka jana walirudi kwao
kabla ya chakula cha mchana!"
Nami, mwanamke mzima, mama wa watatu,
nikaomba raba.
Nikaandika Sohar, kwa hati nzuri.

Siku ya fainali vioo vya ukumbi vikabandikwa magazeti,
wanaume wakabaki nje na magari yao,
mimi nikabaki na povu, maana mashuka ya bweni hayajui fainali.
Kati yetu ukuta mmoja.
Mpira ukidunda, maji ya ndoo yanakunja uso.
Du, du, du, kisha kimya,
kile kimya cha mpira ulioko hewani,
kisha ukelele. Wa nani?
Ukuta hautaji timu.

Saa mbili usiku mfuko ukaja.
Sikumuuliza aliyeuleta.
Nilitoa namba kumi na nne:
bega limeraruka hadi kwapani,
magoti meusi kwa vumbi la sakafu,
pini ya shungi imepinda kama ndoana,
na jasho, jamani, jasho lile
unaweza kulikamua ukapikia wali.
Nikakaa juu ya kapu la mashuka
nikacheka peke yangu, kisha nikaacha kucheka.

Haluwa kachukua nesi.
Buraimi, kumbe, ni zambarau.
Mimi rangi sikuiangalia,
nilikuwa nikiangalia madoa.
Kanimegea kipande chenye lozi mbili, nikala.
Mchoro bado uko pale mlangoni; ukiinamisha kichwa
taa ikiwa ubavuni, chini ya Sohar
utaona mkunjo wa B, hafifu, karatasi haikukubali kusahau.

Mkeka wangu umechanika, na bega la yule binti limechanika.
Nimeitia jezi yake kwenye beseni, kwa mkono, maji baridi.
Asubuhi basi lao laondoka saa kumi na mbili.
Uzi wa zambarau sina. Nimepata wa buluu.
La bega linashoneka.